Saa Tano

Chuoni walitufundisha kwamba kichwa cha mgonjwa ni saa:
kidevu kipo sita, utosi upo kumi na mbili,
na daktari anayetumia mkono wa kulia
akae kwenye kumi na moja.
Nikacheka kimoyomoyo.
Kwetu mshale ukifika hapo
mama husema saa tano hii,
na wali haujapandishwa.

Basi miaka kumi na tisa nimekaa saa tano,
hapa Suhar, ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia.

Gego la juu, la mwisho, upande wa kushoto:
huko ndiko ulikokwenda mgongo wangu.
Kioo kidogo ninacho, kazi yake kunizuia nisiiname,
lakini jino bovu ni kama kisima,
unajikuta umeshachungulia.
Nawaambia: fungua zaidi, geukia kwangu.
Wanageuka kidogo.
Kilichobaki nageuka mimi.

Mguu wa kulia unakanyaga mashine.
Wa kushoto ndio unaolipa.
Maumivu yanatoka kiunoni, yanazunguka nyonga,
yanashuka nyuma ya paja bila haraka
kama mwenye nyumba anayejua kodi haijalipwa,
hata yanafika kidole gumba
na kubisha hodi.

Ganzi imejaa kabatini, vichupa hamsini.
Hakuna hata kimoja chenye jina langu.

Lijimol, msaidizi wangu, husimama ng'ambo, saa tisa,
ameshika mrija wa kunyonya mate.
Yeye ni magoti. Hatuambiani.
Jioni chumba kinanuka dawa ya kuchua
na kila mmoja anajifanya ni ya mwenzake.

Ramadhani iliyopita nilisali tarawehe kwenye kiti,
safu ya nyuma, pamoja na kina bibi,
nami sijatimiza hamsini.
Nimeinamia vinywa vya watu mpaka rukuu imenikataa.
Astaghfirullah, lakini ndivyo.

Jumatano alikuja Mundhir,
mwendesha kreni bandarini, mama yake mzaliwa wa Wete.
Akakaa kitini kwa kujishikiza, mkono huku, mkono huku,
nikajua kabla hajasema.
"Daktari, mie kule juu
nachungulia makontena baina ya magoti yangu,
kutwa. Shingo imekuwa kulabu."
Nikamwambia atanue.
Gego la juu, la mwisho, upande wa kushoto.
Ningemshangaa Mungu kama lingekuwa jengine.

Nikamchoma sindano. Dakika kumi, nikasema,
ganzi ishike.
Dakika ya pili alikuwa anakoroma,
mdomo wazi, mikono imeanguka,
mtu aliyelazwa chali kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Nikamtazama.
Nikavua viatu.
Nikalala sakafuni kando ya kiti,
vigae vya baridi, kiyoyozi kikinipulizia nyayo,
na pingili moja moja za uti wa mgongo
zikarudi mahali pake kwa manung'uniko
kama wasafiri walioambiwa wakae tena, basi bado haliondoki.

Kutoka chini nikakiona kiti changu.
Miaka kumi na tisa, sijawahi kukiona tumbo.
Parafujo mbili zenye kutu.
Jojo iliyotafunwa, imegandishwa pale na mtoto
ambaye bila shaka nilimhubiria kuhusu sukari.
Nikacheka, mguu ukanikemea, nikaacha.

Lijimol akafungua mlango.
Akamwona mmoja juu, mmoja chini,
wote wawili wanatazama dari, mmoja kwa kope zilizofungwa.
Hakuuliza kitu.
Akavuta kigoda changu, akakaa,
akanyoosha magoti yake polepole, kwa kelele.

Nje mtu aliuliza zamu yake itafika lini.
Saa ya ukutani mshale ulikuwa kwenye kumi na moja.
Dakika tatu zilibaki.
Tukazitumia zote.